Kunyumbuka na Kunyambuka: Istilahi za Kuimarisha Kiambaza cha Injini katika Magari ya Spoti ya Zamani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kundi dogo la istilahi: zile zinazohitajika ili fundi, mwanafunzi wa ufundi na mwenye gari waelewane kuhusu bati linalotenga chumba cha injini na chumba cha abiria, hasa bati hilo linapoanza kujongea kila pedeli inapokanyagwa. Uwanja wenyewe unaweza kuonekana finyu kwa jarida la taaluma za lugha. Hata hivyo, ufinyu huo ndio unaoufaa uchunguzi. Maandishi mengi kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili yamejikita katika orodha: neno la kigeni upande wa kushoto, kisawe upande wa kulia. Orodha haijibu swali la iwapo istilahi inaweza kubeba hoja, yaani iwapo mtumiaji wake anaweza kutofautisha kwayo chanzo na tokeo, na tiba moja na tiba nyingine. Katika kazi ya bati, kosa la uteuzi wa neno hugharimu fedha. Na pale breki zinapohusika, huweza kugharimu maisha.

Mfano unaotumika umewekwa katika kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Mkoa huo ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Shanwe imechaguliwa kwa sababu iko mbali sana na pwani, ambako sehemu kubwa ya msamiati wa ufundi asilia wa Kiswahili, hususan wa vyombo vya baharini, ilizaliwa. Istilahi iliyochotwa katika jahazi ikiweza kufanya kazi Shanwe, itaweza kufanya kazi karibu popote Kiswahili kinapotumika. Aidha, Mpanda ni kituo cha mwisho cha tawi la reli litokalo Kaliua, lililojengwa ili kusafirisha madini ya risasi na kukamilika karibu na mwaka 1950. Kama itakavyoonekana, reli hiyo inahusika na hoja ya makala haya kwa namna isiyotarajiwa.

2.0 Gari la Mfano

Kwa ajili ya ufafanuzi, ichukuliwe Datsun 240Z iliyofikishwa katika gereji ya Shanwe. Uteuzi huu si wa kubuni tu. Gari hilo la Kijapani, lililoanza kutengenezwa mwaka 1969 likiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4, lina nafasi ya pekee katika historia ya Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na 240Z mara mbili: mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuja kuyashinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Tangu mwaka 2003 magari ya zama hizo yamerudi barabarani katika mashindano maalumu ya magari ya zamani, na kwa hiyo suala la kuyatengeneza ni suala la leo, wala si la makumbusho.

Bodi ya gari la aina hii haikai juu ya fremu iliyo kando. Mabati yake yenyewe, yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za kuchomelea, ndiyo yanayobeba uzito na misukosuko yote. Barabara ya vumbi yenye mikunjo, ya namna iliyojulikana sana na wasafiri wa Mpanda kabla ya lami kuwafikia, huyatikisa mabati hayo mamia ya mara katika kila kilomita. Matokeo yake hayaonekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya miaka, na mara nyingi kwanza kabisa karibu na pedeli.

3.0 Namna Tatizo Linavyotokea

Kabla ya kulijadili jina ni lazima jambo lenyewe lifahamike, kwani wataalamu wa istilahi wamekuwa na kawaida ya kulitafutia jina jambo wasilolijua, wakaishia kulitafsiri neno badala ya dhana.

Dereva anapokanyaga klachi, pedeli hufanya kazi kama wenzo. Uwiano wa wenzo huo ukiwa 6 kwa 1, kani ya nyutoni 150 katika unyayo huwa nyutoni 900 katika kijiti kinachoisukuma pistoni ya masta silinda. Hiyo ni sawa na uzito wa mtu wa kilo 92 hivi. Mafuta yaliyomo ndani ya silinda hukataa kubanwa, na kwa hiyo silinda yenyewe husukumwa mbele, kuelekea injini, kwa kani ileile. Kitu pekee kinachoizuia isiende ni bati ilimofungwa kwa nati mbili, bati ambalo unene wake ni milimita moja hivi. Gari likifungwa klachi nzito ya mashindano, ambayo springi zake ni kali zaidi, kani katika unyayo huweza kufika nyutoni 250, na ile ya kwenye bati nyutoni 1,500.

Bati huvimba. Tuseme kijiti kina mwendo wa milimita 30, na bati limejongea milimita 3. Basi asilimia 10 ya mwendo wa dereva imepotea katika kuvimbisha bati, wala haikufika kwenye klachi. Klachi haiachii kabisa, gia zinakwaruzana, na dereva anasema klachi imekufa. Katika pedeli ya breki hali ni ya hatari zaidi, kwa kuwa kani zake ni kubwa kuliko za klachi. Pedeli huwa laini kana kwamba kuna upepo ndani ya mabomba. Fundi hutoa upepo mara moja, mara mbili, mara tatu. Ulaini unabaki palepale, kwa sababu hapakuwa na upepo.

4.0 Jina la Bati

Kiingereza chenyewe hakina neno moja. Waingereza wamelikopa neno la mabaharia linalotaja ukuta unaogawa vyumba vya meli. Wamarekani wamelikopa neno la wajenzi linalotaja ukuta unaozuia moto usivuke kutoka jengo moja hadi jingine. Tofauti hii ina manufaa kwa mtaalamu wa istilahi wa Kiswahili, kwani inaonyesha kwamba dhana ina pande mbili, kugawa na kukinga, na kwamba kila jamii ilichagua upande mmoja tu na kazi ikaendelea.

Gerejini bati hili mara nyingi halipewi jina lake. Huingizwa katika neno bodi, ambalo hutaja gari lote pasipo injini na magurudumu, au huonyeshwa kwa kidole. Kidole hutosha pale watu wawili wanapokuwa mbele ya gari moja. Hakitoshi katika simu kati ya Shanwe na muuza vipuri wa Dar es Salaam, wala katika darasa, wala katika mtihani wa ufundi stadi.

Njia ya utohoaji ingezaa faya-woli. Neno hilo hutamkika, lakini halimwambii chochote mtu asiyejua Kiingereza, tofauti na pistoni au klachi, ambayo yamekwisha kuota mizizi kwa miongo mingi ya matumizi. Tafsiri sisisi, yaani ukuta wa moto, ina kasoro mbili. Kwanza, muundo wa A-unganifu katika Kiswahili huruhusu tafsiri ya ukuta ulioundwa kwa moto, au hata unaowaka. Hakuna kitu ndani yake kinachoashiria kuzuia. Pili, neno hilo limekwisha kutumiwa katika taaluma ya kompyuta kwa maana ya kinga ya mtandao, na huko kasoro ya kwanza imehamia nalo.

Makala haya yanapendekeza kiambaza cha injini. Kiambaza katika Kiswahili cha nyumba ni ukuta, na hasa ukuta mwepesi wa miti na udongo. Wepesi huo si kasoro ya istilahi bali ni sifa yake. Neno ukuta humfanya msikilizaji awaze kitu kizito kisichotikisika. Kiambaza humkumbusha kitu kinachogawa vyumba, kinachoweza kutikiswa na mlango ukibamizwa, na ambacho kikichoka huimarishwa kwa fito badala ya kubomolewa. Atakayeona neno hili ni la watu wa pwani mno anaweza kupinga, na pingamizi hilo linastahili kusikilizwa, lakini si zito. Nyumba za miti na udongo zinajulikana Katavi kama zinavyojulikana Tanga.

5.0 Kulegea, Kunyumbuka, Kunyambuka

Jina la bati ni sehemu rahisi ya kazi. Ugumu halisi uko katika vitenzi, na huku ndiko orodha za istilahi zilikokuwa na upungufu mkubwa. Machapisho ya Tafsiri Sanifu ya Baraza la Kiswahili la Taifa, sawa na kamusi ya awali ya ufundi iliyotolewa na Rajmund Ohly mwaka 1987, ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, kwa desturi, orodha za namna hiyo hupendelea nomino, kana kwamba fundi hushughulika na vitu tu bila ya kushughulika na yale yanayovipata vitu hivyo.

Kitenzi kinachotawala mazungumzo ya namna hii ni kulegea. Pedeli imelegea, klachi imelegea, bodi imelegea. Kitenzi hicho kinafunika hali tatu zilizo tofauti kabisa, na kila moja ina tiba yake.

Hali ya kwanza ni kulegea kwenyewe: nati zimefunguka, na silinda inacheza juu ya bati ambalo halina tatizo. Tiba ni kukaza. Hali ya pili ni pale ambapo nati zimekazwa barabara, lakini bati linakwenda pamoja na silinda na kurudi mahali pake pedeli inapoachiwa. Hali ya tatu ni pale ambapo bati limekwisha kufanya ufa kuzunguka tundu la silinda au kando ya nukta za kuchomelea, na likienda halirudi lote.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyozitenga hali mbili za mwisho kwa usahihi wa kushangaza. Kunyumbuka ni kuvutika au kupindika na kuwa na uwezo wa kurejea, kama unavyofanya ufito mbichi. Kunyambuka ni kuchanika au kuachana vipande kwa kuvutwa, kama inavyofanya nyama iliyopikwa ikaiva sana. Tofauti ya vitenzi hivi ni irabu moja tu. Wanaisimu wa Kiswahili wanavifahamu vyema, maana wamevichukua vyote viwili kwa ajili ya kazi yao wenyewe: kuna waandishi waliosema mnyumbuliko wa vitenzi, na kuna waliosema mnyambuliko, na mara nyingine istilahi hizo zimetumiwa kama kwamba ni kitu kimoja. Katika sarufi mkanganyiko huo haukumdhuru mtu. Gerejini, kitenzi cha kwanza kinataja bati zima linalohitaji kuongezewa ugumu, na cha pili kinataja bati bovu ambalo ni lazima kwanza liungwe. Anayefunika ufa kwa kiraka bila ya kuutibu ameuficha tu. Utaendelea kutembea chini ya kiraka hadi utokezee upande wa pili.

Kati ya kunyumbuka na kunyambuka kuna muda, na muda huo nao unahitaji jina. Metali inayonyumbuliwa mara nyingi chini ya kani ambayo isingeweza kuivunja kwa mkupuo mmoja hatimaye huvunjika. Istilahi uchovu wa metali imewahi kuonekana kuwa ni tafsiri ya kitumwa, kwa hoja kwamba chuma hakina uhai hata kichoke. Hoja hiyo haina mashiko. Mafundi husema springi zimechoka, na hata gari zima limechoka, na hakuna dalili kwamba waliagiza usemi huo kutoka katika vitabu vya uhandisi.

Vitenzi hivi vikishapatikana, uchunguzi wa tatizo unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila ya kukwama. Injini izimwe. Mtu mmoja akanyage pedeli hadi mwisho, mwingine aangalie silinda upande wa injini akiwa ameweka rula kutoka mnara wa shokapu, ambao haujongei. Silinda ikicheza huku bati limetulia, ni kulegea. Silinda na bati vikienda pamoja na kurudi pamoja, kiambaza kinanyumbuka. Rangi ikiwa imepasuka kuzunguka tundu, na mstari mwembamba wa kutu ukionekana ndani ya mpasuko, kiambaza kimeanza kunyambuka. Na kama hakuna kinachojongea, lakini pedeli inazama polepole ikishikiliwa chini, lawama iende kwenye mipira ya ndani ya silinda. Hapo, na hapo tu, ndipo inapofaa kuagiza masta silinda mpya. Kwa mwenye gari aliye Shanwe, ambaye kipuri cha gari la miaka ya 1970 huenda kikamfikia baada ya wiki kadhaa, mpangilio huu wa vitenzi vitatu una thamani inayohesabika kwa shilingi.

6.0 Kiraka, Taruma na Gadi

Ufa hutibiwa kwanza. Mwisho wake hutafutwa kwa kukwangua rangi, kisha hutobolewa tundu la milimita 3 hivi kwenye ncha, ili ncha kali iliyokuwa ikikusanya nguvu zote igeuke duara. Baada ya hapo ufa huchomelewa na kusawazishwa. Kabla ya moto wowote, nyaya za betri hufunguliwa, mabomba ya petroli huondolewa, na zulia pamoja na sponji zilizogandishwa upande wa abiria hubanduliwa; sponji hizo huwaka haraka, tena upande ambao mchomeleaji haoni.

Uimarishaji wenyewe una njia tatu, na Kiswahili kina maneno matatu.

Kiraka ni bati la ziada la milimita 1.5 hadi 2 linalofuata umbo la kiambaza. Suala la msingi ni jinsi linavyoshikamana. Ugumu wa bati dhidi ya kupindwa hukua kwa mchemraba wa unene wake: bati la milimita 2 ni gumu mara 8 kuliko la milimita 1. Lakini mabati mawili ya milimita 1 yaliyolaliana tu bila ya kushikana ni magumu mara 2 pekee. Kwa hiyo kiraka kilichochomelewa pembezoni tu hakifikii kile ambacho mwenye gari amekilipia. Hutobolewa matundu mengi katikati yake, na kila tundu hujazwa kwa kuchomelea hadi mabati yawe kitu kimoja. Pembe za kiraka hufanywa duara, na kingo zake hufikishwa mahali ambapo kiambaza chenyewe kina mkunjo au kiungo. Kiraka kinachoishia katikati ya bati tupu huhamishia ufa kwenye ukingo wake. Kuchomelea nako hufanywa kwa nukta fupi, huku na huku, bati lisijikunje kwa joto.

Taruma ni neno la waunda vyombo: ni mbavu inayolitia jahazi nguvu kwa ndani. Katika kiambaza, taruma ni kipande cha chuma chenye kona kinachochomelewa kukatisha bati, kikiongeza kina badala ya unene. Neno hili huenda likadhaniwa kuwa halitafika bara, ilhali limekwisha kufika kitambo, na kwa njia ya wazi kabisa. Mataruma ndilo jina la vipande vilivyolazwa chini ya reli, na reli ya Kaliua hadi Mpanda yote imekaa juu yake. Upanuzi wa maana uliolitoa neno baharini na kulileta Katavi haukufanywa na kamati yoyote. Kulichukua hatua chache zaidi, kutoka stesheni hadi gereji ya Shanwe, si jambo la kuhofia.

Njia ya tatu ina utata. Ni mtaimbo mfupi unaotoka mbele ya masta silinda hadi kwenye mnara wa shokapu, ili kani isiishie katika kiambaza bali ipelekwe mahali penye nguvu zaidi. Lugha ya pwani ina neno linalolingana nao kikamilifu, nalo ni gadi: nguzo inayokiegemeza chombo kilichopwelewa kisilale ubavu. Taruma ni sehemu ya mwili wa chombo. Gadi husimama nje yake na kukanyaga penginepo. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayotakiwa hapa. Ila neno lenyewe lina majirani wasumbufu. Gadi ni mlinzi pia, na wingi wake, magadi, humpeleka msikilizaji jikoni kwenye sufuria ya maharage. Muktadha huondoa utata mwingi wa namna hii, na lugha zote huishi nao. Hata hivyo, katika darasa la wanaoanza, nguzo ya mshazari itaeleweka upesi zaidi, nayo gadi iachwe ijipatie nafasi yake yenyewe kwa matumizi.

Gadi haihitaji kuchomelewa, inaweza kuondolewa bila ya kuacha kovu, na kwa gari lenye thamani ya kihistoria hilo si jambo dogo. Hufungwa pedeli ikiwa juu, igusane na silinda pasipo kuisukuma. Ikikazwa kupita kiasi hukipinda kiambaza upande wa pili, na tatizo hugeuzwa tu uso. Pale ambapo bati limekwisha kunyambuka, gadi peke yake haifai kabisa. Kiraka kitangulie.

7.0 Matundu Yanayobaki

Kazi ya bati ikiisha, kiambaza hupigwa rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na maungio yake hupakwa lakiri ya gari. Matundu ya zamani ambayo hayana waya wala bomba huzibwa kwa bati, si kwa mpira, kwa kuwa mpira huyeyuka. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, ingawa ndiyo inayorudisha kazi ya asili ya bati hili, yaani kuuzuia moto na moshi wa injini usimfikie dereva. Hapa pendekezo la kiambaza linaonyesha upungufu wake, kwani neno hilo hubeba dhana ya kugawa lakini halibebi ya kukinga. Kwa mafunzo ya usalama inafaa liongezwe umbo la pili, kiambaza kingamoto, lenye muundo wa neno ambatani kama ule wa kingamaradhi, litumike pale ambapo matundu, lakiri na njia za nyaya ndizo zinazojadiliwa. Na kiambaza cha injini libakie pale ambapo fundi ana nyundo, rula na mtu wa kumkanyagia pedeli.